Kosa la Jumamosi

Kliniki ya meno ilikuwa ghorofani, juu ya duka la rangi. Mgonjwa akipanda ngazi, harufu ya rangi ilimsindikiza hadi kwenye mlango wa kioo, ndipo ikaipisha harufu ya dawa. Aliyempokea alikuwa msichana mwembamba, sauti yake nzito kuliko umbo lake. Kwao walimwita Kitinda, kwa kuwa ndiye aliyefunga uzazi wa mama yake, na jina hilo likamfuata hadi kazini.

Kitinda aliandikisha wagonjwa, alipanga miadi, alipanguza viti, na kila siku aliwapigia simu wote waliotakiwa kuja kesho yake. Hiyo kazi ya mwisho ndiyo iliyomtoa jasho. Hakuna apendaye kukumbushwa jino. Wengine walikata simu mara tu waliposikia neno kliniki. Wengine waliitikia kwa adabu zote, "Nitafika bila kukosa, dada yangu," kisha siku yenyewe wakawa kama waliomezwa na ardhi.

Daktari alikuwa mwanamke wa makamo, mchache wa maneno. Siku moja alitoka chumbani kwake na glavu mkononi, akavitazama viti vitupu vya kungojea, akasema, "Kitinda, hakuna namna mashine ikawakumbusha hawa watu, wewe ukapumzisha koo lako?"

"Nitaangalia, Daktari."

Alijua namna ipo. Alimjua pia mtu anayeijua namna hiyo, na kumfikiria mtu huyo kulimfanya ainamishe macho.

Dada yake alikuwa fundi wa programu za kompyuta katika nchi ya mbali. Alikwenda kusoma, akapata kazi, akabaki. Walizaliwa wawili tu, Dada akiwa wa kwanza na Kitinda wa mwisho, na kati yao lilipita pengo kubwa la miaka, hata Dada ndiye aliyembeba mdogo wake mgongoni, akamfundisha kufunga kamba za viatu na kumdanganya kwamba radi ni meza zinazoburuzwa mbinguni. Huko aliko, zamani simu zake zilikuwa ndefu. Aliuliza kila kitu: nani kaolewa, nani kahama, lile bomba la jikoni bado linavuja au Baba amekubali hatimaye kuita fundi.

Kisha Baba akafariki ghafla, na Dada hakuweza kuja. Karatasi zake za ukaazi zilikuwa bado mezani kwa maofisa. Angetoka, asingeruhusiwa kuingia tena. Maziko aliyaona kupitia simu ya Kitinda, iliyoinuliwa juu ya vichwa vya watu, mpaka chaji ikaisha.

Tangu siku hiyo hakuwasha tena kamera. Alipiga mara mojamoja, akauliza, "Mko salama?" Akijibiwa wako salama, alisema anaingia kazini. Hakuomba kuzungumza na Mama. Alisema tu, "Msalimie." Mama naye, akifikishiwa salamu, alijibu, "Naye msalimie," kama majirani waliogombania mpaka wa kiwanja. Kitinda akawa tarishi wa salamu, anapokea huku anapeleka kule, na kila salamu ilikuwa nyepesi kuliko iliyotangulia. Alimkosa Dada yake namna ya ajabu, maana hata sauti yake aliisikia. Kilichokosekana ni mtu ndani ya sauti.

Basi akaanza kujifunza peke yake. Kliniki ilipopoa mchana, alifuata masomo ya bure ya kwenye mtandao, akaandika programu yake ya kwanza. Wazo lenyewe halikuwa gumu. Kompyuta ilipewa orodha ya wagonjwa wa kesho. Ilitakiwa kuanza na wa kwanza, kumtumia ujumbe wa kumkumbusha, kisha kwenda kwa wa pili, na kuendelea hivyo hadi orodha iishe. Huko kurudiarudia kazi ileile ndiko mafundi wanakokuita kitanzi, na kinachoamua kitanzi kiendelee au kisimame wanakiita sharti.

Aliijaribu nyumbani Jumamosi. Kwa kuwa hakutaka kuwasumbua watu, katika orodha ya majaribio aliweka namba ya Mama kwanza, kisha ya kwake, kisha ya jirani mmoja mvumilivu. Akabonyeza. Simu ya Mama, iliyokuwa juu ya friji, ikalia. Ikalia tena. Ikaendelea kulia na kutetemeka hadi ikaanza kutembea yenyewe kuelekea ukingoni.

Mama aliidaka. "Nani huyu ananikumbusha jino? Jino lenyewe nilishang'oa."

"Ni mimi, Mama. Ni kitanzi kimekataa kusimama."

"Kitanzi? Umeniambia unajifunza kompyuta. Kumbe unajifunza kunyonga watu?"

Kitinda aliizima programu, akaikodolea macho mpaka macho yakamwuma. Asione kosa. Mwishowe akapiga picha ya skrini, akamtumia Dada na maneno machache: Hii kwa nini haisimami? Hakutarajia kitu. Kabla hajaiweka simu chini, ikaita.

"Kitanzi chako kinaanzia wapi?" Dada aliuliza, bila hata salamu.

"Kwa mgonjwa wa kwanza. Nimempa namba sifuri, kama somo lilivyosema."

"Sawa, kompyuta huanza kuhesabu na sifuri. Nisomee sharti."

Kitinda akasoma: maadamu namba ya mgonjwa ni ndogo kuliko idadi ya wagonjwa wote, tuma ujumbe.

"Vizuri. Namba ni sifuri, idadi ni tatu. Sifuri ni ndogo kuliko tatu, kwa hiyo umetuma. Sasa namba imekuwa ngapi?"

"Moja."

"Imekuwaje moja? Nani kaiongeza?"

"Si inajiongeza yenyewe?"

Dada akacheka. Kilikuwa kicheko chake kilekile cha puani, kinachoanza kama mtu anayetaka kupiga chafya, na Kitinda hakuwa amekisikia tangu kabla ya msiba.

"Mdogo wangu, kompyuta ni mtumwa mtiifu kupita kiasi. Usipomwambia nenda mlango wa pili, atagonga mlango wa kwanza hadi mwenye nyumba ahame. Unakumbuka tulivyokuwa tunafua sare za shule? Mama alisema, suuza hadi povu liishe. Wewe ukakaa kwenye beseni moja, maji yaleyale, unasuuza na kulia kwamba povu haliishi."

"Nilikuwa mdogo."

"Ulikuwa mvivu wa kwenda bombani. Basi hicho ndicho kitanzi chako. Sharti linatazama povu, na wewe hubadilishi maji. Kila ukiandika kitanzi, jiulize: humu ndani kuna kitu gani kinacholisogeza sharti karibu na mwisho? Kama hakipo, hapo hapana mwisho."

Kitinda akaongeza mstari mmoja, wa kuiongeza namba kwa moja kila ujumbe ukishatumwa. Akabonyeza. Simu ya Mama ikalia mara moja, ya kwake mara moja, na ng'ambo ya ukuta wakasikia ya jirani. Kisha kimya.

"Imesimama," akasema.

"Imesimama," Dada akasema, na wote wawili wakabaki kwenye simu, wasikate, wakisikiliza kule kusimama.

Ndivyo Jumamosi zilivyopata shughuli. Makosa hayakuwa haba, na yote mwanzoni yalikuwa ya halali. Safari moja Kitinda alianza kuhesabu na moja badala ya sifuri, na mgonjwa wa kwanza akarukwa kama mtoto wa kambo. Safari nyingine, alipotaka kuhakikisha wa mwisho haachwi, aliandika "ndogo au sawa na" mahali pa "ndogo kuliko". Kompyuta ikamaliza orodha, ikaendelea kumtafuta mtu mwingine asiyekuwepo, ikakwama na kutapika maandishi mekundu.

"Hilo ni kosa la mpakani," Dada alimwambia. "Mashamba hugombaniwa mpakani, na vitanzi hukosewa mpakani. Usiangalie katikati, katikati kila mtu anaweza. Angalia wa kwanza, angalia wa mwisho."

Kitinda aliweka simu juu ya meza, sauti ikiwa wazi, ili mikono ibaki kwenye vibonye. Akagundua kwamba Mama, ambaye kwa kawaida alichambua maharage uani, siku hizo alihamia sebuleni na sinia lake. Alikaa kwenye kiti cha pembeni, mgongo nusu umegeuzwa. Hakusema neno wala kusogea karibu. Lakini Dada alipocheka, mikono yake ilisimama juu ya sinia.

Na Dada naye alianza kuachia vijineno. Nje mvua inanyesha. Jirani wa juu ana mbwa anayelia kama mlango. Koti lake limetoboka mfukoni na funguo huzama ndani ya bitana. Kitinda alivipokea vijineno hivyo kama mtu anayeokota shanga zilizokatika. Ila kila mazungumzo yalipoelekea upande wa Baba, hata kwa mbali, hata kwa kutajwa lile bomba la jikoni, Dada alikata kona: "Haya, rudi kwenye mstari wa saba."

Programu ikakamilika. Kitinda aliipeleka kliniki, na viti vya kungojea vikaanza kujaa. Daktari hakusema mengi, lakini alimnunulia kiti kipya chenye magurudumu, na kwake yeye hiyo ilikuwa hotuba nzima.

Jumamosi iliyofuata Dada alipiga.

"Inafanya kazi?"

"Inafanya kazi vizuri."

"Hongera. Kwa kweli hongera. Basi ngoja niingie kazini."

Jumamosi ya pili yake hakupiga. Alituma ujumbe kwamba kazi ni nyingi, mko salama? Mama alikuwa ameshakaa sebuleni na sinia. Akangoja. Mwishowe akauliza, bila kugeuka, "Kompyuta leo haijaharibika?"

"Haijaharibika, Mama."

"Haya."

Akaendelea kuchambua maharage ambayo yalikuwa yamekwisha kuchambuliwa.

Kitinda alimtazama mgongo. Kisha akafungua kompyuta, akautafuta ule mstari mmoja wa kuiongeza namba, akaufuta. Akapiga picha. Akaandika: Dada, imeanza tena.

Simu ikaita.

Kuanzia hapo alikuwa akipanda makosa kama wengine wanavyopanda mchicha. Alichukua nakala ya programu ya kliniki kwenye flashi, na kila mwisho wa juma aliiharibu mahali tofauti. Aligeuza alama ya sharti upande wa pili, kitanzi kikawa hakianzi kabisa, maana sharti lilikuwa la uongo tangu mlangoni. Aliisogeza namba mbele mara mbili, wagonjwa wakapata ujumbe mmoja ndiyo mmoja hapana. Ajabu ni kwamba alijifunza kwa kuharibu kuliko alivyojifunza kwa kutengeneza. Kosa likitakiwa kufanana na la kweli, ilimbidi ajue barabara kila mstari unabeba nini, na ukiondoka nini kitaanguka. Kisha akakaa mbele ya simu akajifanya mjinga. Aliona haya. Lakini haya ilikwisha kila alipokisikia kile kicheko cha puani, na mkono wa Mama ukisimama juu ya sinia.

Yaliyotokea baadaye yalitokea Jumatatu. Asubuhi hiyo kompyuta ya kliniki iligoma kuwaka, fundi akaja akaiwasha, ila programu ikawa haionekani. Kitinda hakushtuka, alikuwa na flashi mkobani. Alihamisha nakala, akaijaza orodha ya wagonjwa wa kesho, akabonyeza. Wakati huohuo Daktari alimwita ndani akamshike mkono mtoto mmoja aliyekuwa amefunga mdomo kama kufuli. Walibembelezana na mtoto huyo kwa muda mrefu. Akafuata mtu mwenye jipu, akafuata mama mwenye haraka, na Kitinda hakurudi kuitazama skrini.

Saa sita mchana mlango wa kioo ulisukumwa na bibi mmoja, mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, ambaye juma lililopita alipigwa picha ya jino. Miadi yake ilikuwa kesho, asubuhi mapema kuliko wote. Alikuwa amevaa viatu vya kutokea na kukumbatia mkoba kifuani. Mwanawe mkubwa alimshika kiwiko.

"Shikamoo, Mwalimu," Kitinda alisema.

"Marahaba. Binti, niambie ukweli. Ile picha imeonyesha nini?"

"Picha ipi, Mwalimu? Mbona miadi yako ni kesho?"

"Usinizungushe, mwanangu. Nimefundisha watoto maisha yangu yote, namjua anayeficha. Mtu haitwi hivi kwa ajili ya jino."

Mwanawe aliiweka simu ya mama yake mezani. Ilikuwa bado inatetemeka. Tunakukumbusha kufika kliniki. Tunakukumbusha kufika kliniki. Maneno yalijaa kioo kizima, yakapanda juu, yakaja mengine.

"Tangu asubuhi," yule mwana alisema kwa sauti ya chini. "Tumezima, tumewasha. Njiani amenionyesha mahali anapotaka azikwe."

Kitinda hakukumbuka baadaye jinsi alivyoifikia kompyuta. Aliizima kwa kuchomoa waya ukutani. Simu iliyo mezani ikatulia.

Daktari alitoka, akasikiliza, akamkalisha Mwalimu, akamwonyesha picha yenyewe mbele ya dirisha: jino moja, tundu moja, la kuzibwa na kusahauliwa. Mwalimu alicheka. Kisha machozi yakamtoka. Kisha akaomba maji, akanywa, akasema kwa hasira ndogo, "Nimemgawia jirani kuku wangu wote." Mwanawe akamwambia watakwenda kuwachukua. Kitinda alipiga goti mbele yake akaomba radhi, na Mwalimu akamgusa bega, ila hakusema si kitu, maana haikuwa si kitu.

Wagonjwa wengine wa siku ya pili hawakupata ujumbe wowote, kwa kuwa kompyuta haikuvuka mlango wa kwanza. Jumanne hiyo viti vilikaa vitupu.

Lakini jioni ya Jumatatu, walipobaki wawili, Daktari alivua miwani akaifuta. "Kosa limetoka wapi?"

Ilikuwa rahisi kusema ni kompyuta, au ni yule fundi. Kompyuta haibishi.

"Nililiweka mwenyewe, Daktari. Si kwa ajili ya hapa. Lilikuwa la nyumbani, la Jumamosi ijayo, nikachukua nakala bila kuikagua."

"Uliweka kosa kwa makusudi? La nini?"

"Ili dada yangu apige simu."

"Hana namba yako?"

"Anayo."

"Basi sielewi," Daktari akasema. Akavaa miwani, akaivua tena. "Au labda naelewa. Sikiliza. Mashine itapumzika. Utapiga simu kwa mdomo kama zamani. Siku nitakapoamini kwamba kilichomo humo ndani kimewekwa kwa ajili ya wagonjwa wangu peke yao, tutazungumza."

Kitinda hakungoja Jumamosi. Alishuka ngazi, akakaa kwenye kijiukuta nje ya duka la rangi, akapiga. Dada alipokea kwa sauti ya mtu aliyetoka mkutanoni.

"Kuna nini? Mama yuko salama?"

"Mama yuko salama. Dada, kuna jambo nimekufanyia." Akamweleza yote, ya flashi na ya Mwalimu na ya kuku, akajieleza mpaka pumzi zikamwishia. "Yale makosa sikuyakosea. Niliyapanda."

"Najua," Dada akasema.

"Unajua nini?"

"Nilijua tangu lile la kwanza. Juu ya ule mstari ulikuwa umejiandikia maelezo: hapa tunahamia kwa mgonjwa anayefuata. Mstari ukaufuta, maelezo ukayaacha. Mtu aliyesahau kuhama hawezi kuandika kwamba anahama."

Kitinda alijiona kama aliyemenywa ganda. "Kwa nini hukusema?"

"Ningesema ungeacha kuniletea." Sauti ilikuwa imelegea. "Nilikuwa naamka Jumamosi nasubiri hiyo picha yako. Siku nyingine kosa nililiona papo hapo, nikajidai natafuta. Kwenye kosa najua la kusema. Nikitoka nje ya hapo, sijui naanzia wapi."

Gari lilipita. Mfanyakazi wa duka alikuwa anashusha mlango wa bati.

"Anzia kwa Mama," Kitinda akasema. "Kwa nini humwulizi Mama?"

"Siku ya maziko, simu ilikuwa mkononi mwako. Uliielekeza kaburini, lakini Mama alikuwa amesimama karibu na wewe. Mtu mmoja akamwuliza, mkubwa hakuja? Mama akasema, huyo msimhesabu, mimi nina mtoto mmoja. Kisha picha ikakatika."

Kitinda alikuwepo. Hakuwa amelisikia, alikuwa analia. Dada aliishi na maneno hayo peke yake, ng'ambo kule, na hapa kila mtu alidhani ni chaji tu iliyokatika.

Alimweleza Mama usiku ule ule, akiwa amesimama mlangoni pa jikoni. Mama alikuwa anaosha vyombo. Aliosha sahani moja kwa muda mrefu.

"Alisikia?" akauliza.

"Alisikia."

Mama hakusema zaidi, wala kesho yake, wala kesho kutwa yake. Kitinda akawa na hofu kwamba amefungua kidonda asichoweza kukifunga.

Mashine ya kliniki, niseme mapema, ilirudishwa kazini baadaye. Kitinda aliiandika upya, akaweka ndani yake breki: ujumbe wa pili kwa mtu yuleyule, programu nzima inasimama na kupiga kelele. Daktari alikaa naye siku nzima akiijaribu kwa simu yake mwenyewe kabla ya kukubali. Mwalimu alizibwa jino lake. Kuku alirudishiwa, pungufu ya jogoo mmoja ambaye jirani alishamtafutia sufuria. Lakini hayo yalikuja polepole. Kwanza ilikuja Jumamosi.

Siku hiyo Mama hakutoa sinia la maharage. Alivaa khanga safi, akaja akakaa mezani, kwenye kiti cha Kitinda, mbele ya simu, mikono mapajani kama mtu anayengoja kuitwa na ofisa. Kompyuta ilikuwa imefungwa. Simu ilipoita, Kitinda alifungua sauti.

"Mko salama?" Dada akasema.

"Tuko salama."

"Leo kuna kosa gani?"

"Leo hakuna."

Hapo zamani ndipo Dada alipokumbuka kazi. Kitinda alimwona Mama akilowesha midomo.

"Lipo," Mama akasema. "Lipo langu."

"Neno lile nililisema," Mama akaendelea. "Sitasema hukusikia vizuri. Ulisikia vizuri. Siku ile nilikuwa na hasira na kila aliyebaki hai. Waliokuwa karibu sikuweza kuwagusa, wamenishika mikono. Wewe ulikuwa mbali, ndiyo maana ukapata wewe. Maji yakimwagika hayazoleki, najua, mwanangu. Lakini aliyemwaga anaweza kupiga deki."

Dada alikuwa analia. Alilia namna ya watu wanaoishi peke yao, bila sauti, kwa kuvuta pumzi. "Nilikuwa nimefungasha, Mama. Sanduku lilikuwa mlangoni. Nilikaa juu yake mpaka mkamaliza kumzika."

"Sikujua habari ya sanduku."

"Sikusema."

"Basi sema sasa. Sema yote. Mimi leo sina pa kwenda."

Akasema. Alisema alivyonunua viatu vyeusi vya maziko na hakuvivaa hata leo. Alisema alivyomwota Baba akihangaika na lile bomba la jikoni, akimwita amshikie spana. Mama akamwambia bomba bado linavuja; baada ya Baba hakuna aliyekuwa na moyo wa kuita fundi. Dada akacheka kwa pua, katikati ya machozi, na Mama akafumba macho akakisikiliza hadi kikaisha.

"Unakuja lini?" Mama akauliza.

"Sijui, Mama. Karatasi bado ziko mezani kwao. Wanasema subiri."

"Mpaka lini?"

"Hawasemi mpaka lini."

Mama akatikisa kichwa taratibu. Hakulalamika. Alijisogeza mbele zaidi. "Washa hiyo kamera nikuone."

"Nimezeeka, Mama."

"Wewe washa."

Skrini ilikuwa nyeusi kitambo, kisha ikapata mwanga. Kilionekana chumba kidogo chenye dirisha moja, na koti limetundikwa nyuma ya mlango. Kisha uso wa Dada ukaingia. Alikuwa amekata nywele karibu zote. Mvi zilikuwa zimeanza juu ya masikio, na paji la uso lilikuwa limepanuka, na pale katikati ya nyusi palikuwa na ule mkunjo. Kitinda alishika ukingo wa meza. Katika miaka hii yote aliyokuwa akimkumbuka, alimkumbuka msichana waliyemsindikiza kituo cha safari, mwenye nywele za kusuka. Hakuwa amefikiria kwamba kule mbali Dada alikuwa akigeuka kidogokidogo kuwa Baba.

Mama naye aliona. Aliinua mkono, akanyoosha kidole, akaugusa ule uso shavuni, taratibu, kama anayempangusa mtoto uji.

Skrini ikazimika.

"Nimefanya nini?" Mama akauliza.

"Umemkata, Mama. Umebonyeza pa kukatia."

Mama aliuangalia mkono wake, kisha akaiangalia simu. Kitinda alianza kuitafuta namba ili apige, lakini kabla hajaifikia, simu ikaita yenyewe mezani.

"Pokea wewe," Mama akasema, akiirudisha mikono mapajani na kuifumbata. "Mimi nitamgusa tena."

Kitinda akapokea.